Fahamu namna moyo unavyofanya kazi na sababu za kupima shinikizo la damu kabla ya kuugua

Moyo wa mtu mzima hupiga takribani mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, bila mwenyewe kuuamrisha. Kwa bahati mbaya, moyo huo unapoanza kuelemewa mara nyingi hautoi taarifa yoyote. Ndiyo maana watu wengi huja kufahamu kuwa wana shinikizo la juu la damu siku wanapofikishwa hospitalini wakiwa tayari wamepata kiharusi, au miguu ikiwa imevimba na pumzi ikiwa fupi.

Kipimo kinachoweza kubaini tatizo hilo mapema hakitoboi ngozi, hakihitaji maabara na huchukua dakika chache tu. Huduma hiyo hutolewa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, ikiwemo katika maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam kama vile Bunju, Tegeta na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni, na Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke. Makala haya yanaeleza namna moyo unavyofanya kazi, jinsi shinikizo la damu linavyouharibu, kile ambacho tafiti zilizofanyika Dar es Salaam zimebaini, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua.

Moyo ni pampu

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe, uliopo katikati ya kifua na kuelemea kidogo upande wa kushoto. Ndani yake una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Ukuta wa katikati hutenganisha upande wa kulia na wa kushoto ili damu ya pande hizo mbili isichanganyike.

Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini, ambayo imepungukiwa hewa ya oksijeni, na kuipeleka kwenye mapafu. Huko damu huacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Kisha hurudi katika upande wa kushoto wa moyo, ambao huisukuma kwenda kichwani, mikononi, tumboni, kwenye figo na hadi vidole vya miguu. Kwa kuwa chumba cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, ukuta wake ni mnene kuliko wa vyumba vingine.

Kati ya vyumba hivyo, na mahali damu inapotokea, kuna vali nne. Vali ni mfano wa milango inayofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hujifunga ili isirudi nyuma. Sauti mbili ambazo mganga husikia anapoweka kifaa chake kifuani ni sauti za vali hizo zikijifunga.

Mapigo ya moyo huanzishwa na umeme mdogo unaozalishwa na moyo wenyewe katika sehemu ya juu ya upande wa kulia. Umeme huo husambaa kwa mpangilio, vyumba vya juu vikabana kwanza na vya chini vikafuata. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Akipanda ngazi, akikimbilia daladala au akipata hofu, mapigo huongezeka, na akitulia hurudi katika hali yake.

Kwa wastani moyo wa mtu aliyepumzika husukuma lita tano za damu kila dakika. Kwa siku nzima hizo ni zaidi ya lita 7,000, kiasi ambacho kingelijaza tangi la maji la lita 5,000 na bado kikabaki. Damu yenyewe ni lita tano hivi tu. Ni ile ile inayozungushwa tena na tena.

Msuli wa moyo nao unahitaji chakula na oksijeni. Hauvichukui katika damu inayopita ndani ya vyumba vyake, bali hulishwa na mishipa maalumu inayouzunguka kwa nje. Mishipa hiyo ni membamba, na ikiziba, sehemu ya msuli inayoitegemea huanza kufa. Hilo ndilo linaloitwa shambulio la moyo.

Shinikizo la damu ni nini

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanafahamu kazi ya pampu ya maji. Pampu ikisukuma maji kwenda kwenye tangi lililo juu ya nyumba, maji hukandamiza kuta za bomba. Nguvu ikizidi kwa muda mrefu, viungio hulegea, bomba hupasuka na mota ya pampu huchoka. Ndani ya mwili hali hufanana na hiyo. Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu hutumia kukandamiza kuta za mishipa inapopita.

Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili. Namba ya juu huonesha shinikizo wakati moyo unapobana na kusukuma damu. Namba ya chini huonesha shinikizo wakati moyo unapolegea na kujaa damu tena. Kipimo cha 120 kwa 80 au pungufu kidogo huhesabiwa kuwa kizuri kwa mtu mzima. Mtu husemwa kuwa na shinikizo la juu la damu iwapo vipimo vilivyochukuliwa katika siku mbili tofauti vitaonesha 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini.

Hapa ndipo lugha ya mitaani inapoweza kumpotosha mtu. Neno "presha" hutumika sana kumaanisha hasira, mshtuko au mawazo. Mtu aliyeudhiwa husema "unanipandisha presha". Ni kweli kuwa hasira na hofu hupandisha shinikizo kwa muda mfupi, lakini ugonjwa wa shinikizo la juu la damu ni hali ya kudumu inayoendelea hata mtu akiwa amelala usingizi. Kwa sababu hiyo, mtu mpole, mcheshi na asiye na wasiwasi wowote anaweza kuwa nao kwa miaka mingi bila kujua. Kutohisi chochote hakuthibitishi kuwa shinikizo liko sawa.

Madhara yake mwilini

Shinikizo linapokuwa juu kwa muda mrefu, chumba cha chini cha kushoto hulazimika kufanya kazi kubwa kupita kiasi. Msuli wake hunenepa na kukakamaa, na baadaye unaweza kutanuka na kudhoofika. Moyo hushindwa kusukuma damu ya kutosha. Maji hujikusanya kwenye mapafu na miguuni, na mgonjwa hukosa pumzi anapotembea na hata anapolala chali. Hali hiyo huitwa moyo kushindwa kufanya kazi, na wananchi wengi huifahamu kwa jina la "moyo kutanuka".

Katika ubongo, mshipa uliodhoofishwa na shinikizo unaweza kupasuka na kumwaga damu, au kuziba kwa donge la damu. Yote mawili ni kiharusi. Figo, ambazo huchuja damu kupitia mishipa midogo sana, huharibika taratibu hadi mgonjwa akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Macho nayo yanaweza kupoteza uwezo wa kuona. Kwenye mishipa inayoulisha moyo, shinikizo huharakisha kuganda kwa mafuta kwenye kuta, hasa kwa mtu mwenye kisukari au anayevuta sigara.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalisababisha vifo takribani milioni 19.8 duniani mwaka 2022, sawa na karibu theluthi moja ya vifo vyote. Asilimia 85 ya vifo hivyo vilitokana na shambulio la moyo na kiharusi. Zaidi ya robo tatu ya vifo vitokanavyo na magonjwa hayo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tafiti za Dar es Salaam zinaonesha nini

Tanzania ina bahati ya kuwa na tafiti zilizofuatilia suala hili kwa muda mrefu, na Dar es Salaam imekuwa kitovu cha tafiti hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipima shinikizo la damu kwa watu wazima katika eneo la Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionesha kuwa takribani watu watatu katika kila kumi, mjini na kijijini, walikuwa na shinikizo la juu. Miongoni mwao, pungufu kidogo ya asilimia 20 ndio waliokuwa wakijua hali yao, asilimia 10 hivi walikuwa wakipata matibabu, na waliokuwa wamedhibiti shinikizo lao hawakufikia asilimia moja.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Profesa Richard Walker kwa kushirikiana na wataalamu wa Tanzania, ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kati ya Juni 2003 na Juni 2006 katika maeneo yaliyochaguliwa ya Dar es Salaam na Hai. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya takribani 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati Hai ilikuwa na takribani 109. Kwa maneno mengine, kiharusi kilikuwa kikitokea jijini karibu mara tatu zaidi ya wilayani Hai. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la The Lancet Neurology.

Kwa upande wa moyo wenyewe, Dkt. Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 waliofika Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya mwaka 2012 na 2013 wakiwa na tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, umri ambao mtu bado anafanya kazi na kulea familia. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la juu la damu, kilichochangia asilimia 45 ya wagonjwa. Magonjwa ya msuli wa moyo yalichangia asilimia 28, uharibifu wa vali utokanao na homa ya rumatiki asilimia 12, na kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo asilimia 9.

Aidha, utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulibaini kuwa takribani asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini walikuwa na shinikizo la juu la damu. Katika jiji ambalo Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, uwiano wa namna hiyo unagusa karibu kila familia.

Magonjwa mengine ya moyo

Shinikizo la juu ndilo chanzo kikubwa, lakini si chanzo pekee.

Homa ya rumatiki huanza kwa maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria, hasa kwa watoto wa umri wa kwenda shule. Maambukizi hayo yasipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kushambulia vali za moyo. Mtoto hupona koo, lakini baada ya miaka kadhaa vali hushindwa kufunguka au kufunga sawasawa. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kituo cha afya. Dawa ya penisilini ikitolewa kwa wakati huzuia madhara hayo. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huhitaji kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na hapaswi kukatisha.

Wapo watoto wanaozaliwa na matundu kwenye kuta za moyo au mishipa isiyokaa mahali pake. Mtoto mchanga anayechoka na kutokwa jasho wakati wa kunyonya, asiyeongezeka uzito au anayekuwa wa bluu midomoni anapaswa kuchunguzwa mapema.

Wapo pia akina mama ambao msuli wa moyo hudhoofika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Mzazi anayekosa pumzi anapolala au kuvimba miguu kupita kiasi baada ya kujifungua asidhani ni uchovu wa uzazi tu, bali arudi kliniki.

Dalili zisizosubiri kesho

Dalili kuu ya shambulio la moyo ni maumivu au mgandamizo katikati ya kifua unaodumu kwa dakika kadhaa, ambao unaweza kusambaa kwenye mkono wa kushoto, bega, shingo au taya. Mgonjwa anaweza kutokwa jasho jembamba, kukosa pumzi, kusikia kichefuchefu au kuishiwa nguvu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu makali na badala yake wakahisi uchovu wa ghafla na kukosa pumzi. Wapo wanaodhani ni kiungulia, wakanywa dawa ya tumbo na kulala.

Dalili za kiharusi hutokea ghafla: mdomo kupinda upande mmoja, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, na maneno kutoka yakiwa hayaeleweki. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kumwomba mgonjwa atabasamu, anyanyue mikono yote miwili na aseme sentensi fupi. Akishindwa lolote kati ya hayo, apelekwe hospitali mara moja.

Ucheleweshaji katika hatua hii ni suala lililochunguzwa. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha namna wakazi wa Dar es Salaam na wa Hai wanavyokieleza kiharusi. Wakazi wa Hai walikihusisha zaidi na shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Wakazi wa Dar es Salaam, licha ya kuishi karibu na hospitali kubwa, walikihusisha zaidi na mashetani na uchawi. Imani ya familia kuhusu chanzo cha ugonjwa huelekeza mahali wanapompeleka mgonjwa kwanza.

Wananchi wanashauriwa kutambua kuwa faraja ya kiroho haizuiwi na matibabu. Dua na sala zinaweza kufanyika mgonjwa akiwa njiani au wodini. Kila saa inayopotea nyumbani ni sehemu ya ubongo au ya moyo inayokufa bila kurudi. Wakati wa kumsafirisha, mgonjwa wa kiharusi asipewe chakula, maji wala dawa yoyote ya kumeza, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Alazwe ubavu ikiwa amepoteza fahamu, na ndugu wakumbuke saa ambayo dalili zilianza, kwani daktari ataihitaji.

Kupima kwa usahihi

Ili kipimo kiwe sahihi, anayepimwa anapaswa kukaa ametulia kwa takribani dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti na miguu ikigusa chini bila kukunjwa nne. Ndani ya nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa, asivute sigara wala kufanya kazi nzito. Mkono uwe kwenye usawa wa moyo na mkanda wa kipimo ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo nene. Wakati wa kupima asizungumze.

Mtu mzima yeyote anashauriwa kupima angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa ana kisukari, uzito mkubwa, umri uliozidi miaka 40 au ndugu wa damu aliyewahi kupata shinikizo la juu au kiharusi. Wanawake hupata nafasi ya kupimwa wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Wanaume hawana ratiba ya namna hiyo, na wengi huingia hospitalini wakiwa wagonjwa tu. Dereva wa bodaboda, mfanyabiashara wa sokoni au fundi ujenzi asisubiri kuugua. Anaweza kupima siku anapompeleka mtoto kliniki au kumsindikiza mgonjwa.

Dawa hunywewa hata mtu akijisikia mzima

Kosa linalowagharimu wagonjwa wengi ni kuacha dawa shinikizo linaposhuka. Mgonjwa hupimwa, huonekana yuko 130 kwa 80, hufurahi na kuamini amepona. Ukweli ni kwamba kipimo hicho kimeshuka kwa sababu ya dawa. Akiacha, hupanda tena, na mara nyingi bila dalili.

Faida ya kuendelea na dawa ni kubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet ulionesha kuwa kushusha namba ya juu kwa alama 10 hupunguza uwezekano wa kupata kiharusi kwa zaidi ya robo, na hivyo hivyo kwa tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Hivyo, hata mgonjwa ambaye hajafikia kiwango anachotakiwa hunufaika na kila hatua anayopiga.

Baadhi ya dawa huweza kuleta kikohozi kikavu, kuvimba miguu, kizunguzungu au kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mgonjwa anayepata adha hizo arudi kwa daktari abadilishiwe dawa, kwa kuwa aina ni nyingi. Asiazime dawa za jirani wala kununua bila ushauri. Kitunguu saumu, ndimu na mitishamba haviwezi kuchukua nafasi ya dawa zilizoandikwa na daktari, na mgonjwa anayevitumia anapaswa kumweleza daktari wake.

Kinga huanza nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asitumie zaidi ya gramu tano za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Chumvi hiyo haitoki jikoni peke yake. Hupatikana pia katika viungo vya supu vya pakiti, soseji, samaki wa chumvi, karanga zilizotiwa chumvi na chipsi. Familia inaweza kuanza kwa kuondoa kichupa cha chumvi mezani na kupunguza kiasi kinachotiwa kwenye mboga kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Vyakula vinavyokaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi vipunguzwe, na vinywaji vyenye sukari visiwe kinywaji cha kila mlo. Mchicha, matembele, kunde, maharage, samaki wabichi na matunda ya msimu hupatikana katika masoko ya Tandika, Mbagala, Tandale na Tegeta, na vinaulinda moyo vizuri kuliko vyakula vingi vya gharama kubwa.

Mazoezi ya kiasi yanayofikia dakika 150 kwa wiki yanatosha kwa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa mwendo wa haraka ni mazoezi kamili. Safari fupi kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani, ambayo wengi sasa huimaliza kwa bodaboda au bajaji, inaweza kurudishwa kwenye miguu pale ambapo njia na muda vinaruhusu. Sigara iachwe kabisa, pombe ipunguzwe au iachwe, na moshi wa kuni na mkaa upunguzwe kwa kutumia nishati safi ya kupikia au walau kupikia mahali penye hewa.

Huduma zinapopatikana

Safari ya mgonjwa wa moyo haipaswi kuanzia katika hospitali kubwa. Zahanati na kituo cha afya ndipo mahali pa kupima na kupewa ushauri. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali za ngazi ya juu, zikiwemo Hospitali za Rufaa za Mkoa za Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni, Temeke na Amana.

Huduma za kibingwa hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Upanga, katika eneo la Muhimbili. Kwa miaka mingi Watanzania waliohitaji upasuaji wa moyo walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hususan India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi hiyo ikaanzishwa kama chombo kinachojitegemea. Leo inafanya upasuaji wa moyo kwa watoto na watu wazima, kurekebisha vali, kuzibua mishipa iliyoziba na kuweka vifaa vya kurekebisha mapigo. Taasisi hiyo pia inasimamia Hospitali ya JKCI Dar Group iliyopo eneo la TAZARA, hatua inayowasogezea huduma wakazi wa Temeke.

Pamoja na uwezo huo, upasuaji hauwezi kumrudishia mtu sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi, na gharama zake kwa familia ni kubwa mno zikilinganishwa na za kudhibiti shinikizo mapema. Wananchi wanahimizwa kujiunga na bima ya afya ili ugonjwa wa muda mrefu usiyumbishe kipato cha kaya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023 kwa lengo hilo.

Mtu ambaye hajawahi kupima shinikizo la damu, au ambaye amepitisha mwaka bila kupima, anashauriwa kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye, kuziandika namba zake mbili pamoja na tarehe, na kuzitunza. Namba hizo ndizo daktari atakazozilinganisha na za mwaka utakaofuata ili kujua kama moyo uko salama au umeanza kuelemewa.